Maswali Matatu ya Mama Evelina

Anayesema mama yangu aliuza mizizi tu, hamjui. Miaka ile ya tisini, biashara zilipofunguliwa na kila kibanda cha mtaa wetu wa Mabatini kikaanza kuuza dawa, Evelina Maige peke yake ndiye aliyekuwa akifukuza wateja.

Dawa yake ilikuwa ya wanawake waliokoma hedhi, wanaosumbuliwa na joto la mwili na kukosa usingizi. Nguvu yake aliijulia kwa mbuzi wetu mmoja ambaye hakuwahi kupandwa. Mbuzi huyo alikula machicha ya mizizi tuliyoyatupa nyuma ya nyumba, siku baada ya siku, mpaka kiwele kikajaa kama cha mbuzi mwenye mimba. Mama akasema dawa hii inaudanganya mwili, na mwili unaodanganywa unahitaji kuulizwa kwanza.

Basi kila mwanamke akaulizwa: una mimba? Una uvimbe kwenye titi? Damu imerudi baada ya kukoma? Aliyekubali hata moja alielekezwa hospitali, na mizizi hapewi hata akilia.

Siku moja akaja Pradip, mfanyabiashara wa mjini, na katoni ya chupa tupu.

“Shikamoo mama. Dawa yako tuifungashe humu, tuiuze mpaka kisiwani Nansio.”

“Marahaba, mwanangu. Na hizo chupa zitawaulizaje?”

Pradip akaondoka amenuna. Wiki iliyofuata alirudi bila chupa. Alikuwa amemshika mkono mama yake mzazi, amemleta aulizwe.