Alama ya Mkaa Ukutani

"Mama, alama umeishusha!" Ziada alifoka.

"Nyumba ndiyo imezama," alijibu Mwanahija, hoi bin taabani. "Mwaka ule huko Mingoyo minazi ilizama, tukachuma nazi tumeketi."

Mwanahija alipokatwa titi kwa saratani, nesi Tekla alimchorea alama ya mkaa ukutani. Kila siku avipandishe vidole mpaka pale, la sivyo bega litaganda.

"Nimechoka, mwanangu."

"Likiganda, utatwangaje? Hata hilo gauni la mtumba utavishwa kama mtoto."

Mwanahija akashusha pumzi, akausogelea ukuta. Vidole vikapanda, vikaipita alama yake ya uongo. Machozi yakamlengalenga.

"Bado kidogo, mama, pale ulipoifuta ile ya nesi—"

"Hodi!" Nesi Tekla alikwishaingia, macho yake ukutani.