Nilivyoomba kupunguziwa stempu ya mto wa trauti nikiwa Guangzhou

Wakuu, nawasalimu wote, wakubwa kwa wadogo. Mimi ni bibi mwenye wajukuu, shule niliiacha darasa la nne, kwa hiyo maneno yakipishana mnivumilie. Haya yamenikuta wiki hii, mashahidi wapo, na chumvi sijatia.

Niko Guangzhou, huku China, nafuata viatu vya watoto vya kwenda kuuza. Kwetu ni Rungwe, kule milimani kwenye baridi.

Tuna mto wenye trauti. Kwa msiomjua, ni samaki wa maji baridi, ana madoadoa mgongoni, nyama yake tamu hata bila kiungo. Wakoloni ndio waliwapandikiza, sisi tukawazoea.

Sasa wanaisha. Miti ya kingoni imekatwa, halafu kuna watu wanamwaga utupa, ile sumu ya majani. Samaki wanaelea matumbo juu, mpaka vitoto. Ushenzi mtupu.

Mjukuu wangu Tumaini amesomea mambo ya samaki. Niacheni nijisifu, uzi ni wangu: akili ile kaitoa kwangu, siyo upande wa baba yake.

Yeye ni katibu wa kamati ya mto. Akapendekeza kila mvuvi anunue stempu ya mwaka, yaani kibali cha kuvua, hela ilipe walinzi na miche. Walinzi waliopo wanajitolea na wamechoka. Mkutano wa wavuvi ukikataa, wanaacha, mto unabaki wa wenye utupa.

Akaniomba nizungumze na mkutano kwa vidio, maana wazee wa kwetu wananisikiliza. Nikamwambia umepata mtu.

Siku yenyewe nikakaa mgahawani mtaa wa Xiaobei, kwa Mama Beatrice, Mkongo wa Lubumbashi. Simu nikaiegemeza kwenye birika. Kule ilikuwa asubuhi, huku alasiri, na mimi nimetoka sokoni tangu alfajiri, kichwa kimejaa bei.

Kelele mkutanoni. Shemeji yangu Asajile, mpinzani mkuu, kasimama anauliza tangu lini mto wa Mungu ukakatiwa tiketi. Nikamjibu mvua nayo ni ya Mungu, mbona bati ulinunua. Watu wakacheka. Nikaona mambo mazuri.

Hapo Tumaini akataja bei. "Elfu kumi kwa mwaka."

Wakuu, sijui niseme nini. Mdomo ulitangulia.

"Tai gui le. Nakupa elfu tatu."

Maana yake ghali mno. Huku ndiyo salamu ya sokoni. Ukitajiwa bei unashtuka, unataja chini ya nusu, unageuka unaondoka bila kuangalia nyuma. Ukikaribia mlango muuzaji anakuita, biashara ndiyo inaanza.

Basi nikanyanyuka na pochi yangu, nikaondoka. Nimefika mlangoni nasubiri kuitwa, Mama Beatrice ananitazama na mwiko mkononi.

"Maman, unaenda wapi? Si mkutano uko mu simu?"

Nikarudi mbio, miguu yenyewe hii ya uzee. Kwenye simu namsikia Asajile anatamba, "Mmeona? Hata bibi yake mzazi kakimbia."

Tumaini alikuwa ameinamisha kichwa. Jamani, nilijisikia vibaya. Mtoto kahangaika na mto ule mwaka mzima, mimi nimemvunjia kwa neno moja la Kichina.

Nikiwa natafuta pa kuanzia, kijana mmoja mvuvi akasema elfu tatu siyo mbaya. Mwingine akadai mbili na nusu. Asajile naye hakutaka kupitwa, akafoka kwamba hata hiyo nyingi, yeye mwisho wake ni elfu mbili.

Hapo nikakaa vizuri kwenye kiti.

"Shemeji," nikamwambia, "asiyetaka kiatu haulizi namba. Wewe umeshataja bei. Sasa sema unataka nini kwa hela yako."

Halafu akasema, kwa sauti ya chini, anataka mlinzi mmoja akae kwenye daraja la juu, utupa unamwagwa pale. Kumbe alikuwa anajua muda wote. Mwingine akataka watoto wavue bure. Mwingine, wageni wa fimbo za kisasa walipe zaidi.

Wakabishana mpaka chai yangu ikapoa. Wakaishia elfu tano kwa mwenyeji, mara nne kwa mgeni, na Asajile ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza.

Jioni nikampigia Tumaini kumwomba msamaha. Alicheka mpaka akakohoa. Nikamwambia aniwekee stempu yangu ya elfu tano.

"Bibi, mwaka huu umelala Guangzhou zaidi kuliko Rungwe. Kamati imekuweka kwa wageni."

Nimelipa. Nimenung'unika, lakini nimelipa.

Nilichojifunza: mtu anayekataa kitu usimhubirie sana. Mpe nafasi ya kubishia bei, atajiuzia mwenyewe.

Wenye mito yenye trauti, Kilimanjaro na majirani zetu wa Nyeri, kwenu mnalipaje na hela inaonekana mtoni au inaliwa? Semeni hapa chini, nasoma yote. Na mniambie kama kuna haki bibi mzaa chema kutozwa bei ya mzungu.