Kikapu cha Kompresa

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika spana wala bisibisi. Mkuu wa Mitambo wa kiwanda cha barafu pale Kismayu alinikalisha juu ya debe mbele ya kompresa, akaniambia, "Kaa hapo mpaka adhuhuri. Ukishaijua inavyopumua, njoo uniambie." Kompresa ndiyo mashine inayosukuma gesi ya baridi kwenye mabomba, barafu yote inatoka kwake. Adhuhuri nikaenda nikamwambia, inapumua kama mchu mnene anayepanda ngazi. Sisi Wabajuni mtu tunamwita mchu. Akacheka mpaka akashika kiuno. "Lali, kazi umepata."

Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne nusu yake nilikuwa kisiwani Kudha kwa babu yangu, fundi wa vyombo vya baharini, nikimshikia mbao. Nitarudi kwa babu, nikisahau nikumbusheni. Vita vilipokuja tukatawanyika. Niliangalia jenereta kambini Kenya, kisha nikapata kiwanda cha barafu Mombasa chini ya Msimamizi wa Zamu mmoja mkali, aliyepima mafuta ya injini kwa kuyanusa. Tena mwenyewe alikuwa hali samaki kabisa! Mtu anatengeneza barafu ya samaki maisha yake yote, mchana anakula maharage. Haya, tuyaache. Nilirudi Kismayu na mvi zangu, nikapewa kompresa tena.

Ila safari hii kompresa ilikuwa na kisanduku, hakizidi tofali. Ndani yake mlikuwa na kompyuta moja inayofanya kazi kama kompyuta mbili. Aliyekifunga ni Injinia Mwanaisha, binti wa watu wa Kudha, aliyezaliwa Mombasa wazazi wake wakiwa wakimbizi.

"Mwanangu, hizo mbili ziko wapi? Mimi naona moja."

"Ni mashine pepe, ami. Huzioni kwa macho."

"Basi tufukize ubani kabisa."

Alicheka, akanieleza taratibu. Chini kabisa kuna programu ndogo inaitwa haipavaiza, na kazi yake ni kugawa. Mashine pepe ya kwanza inaendesha kompresa tu. Ya pili inaendesha skrini, yaani michoro ya joto na ripoti. Kila moja ina kiini chake cha prosesa, ndiyo ubongo wa kompyuta, na kila moja ina memori yake. "Nimewajengea ukuta, ami. Skrini ikifa, kompresa haina habari." Tena mle kisandukuni kulikuwa na mlinzi, si mtu, ni kifaa: mashine ya kompresa lazima imjibu kila mara, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Ikichelewa mara tatu mfululizo, mlinzi anazima kompresa isije ikapasuka.

Mwezi wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili, ikaanza kuzimika. Kwanza mara moja kwa wiki, kisha karibu kila siku, na kila mara mchana. Ikizimika haiwaki mpaka ipite robo saa, na barafu matangini inageuka uji. Wavuvi waliotoka Kudha wakawa wanasimama uani na samaki wanaolegea, wananitazama mimi.

Meneja wa Kiwanda akaniita. Msomali wa mjini, muungwana, lakini mtu wa haraka. Aliniita adeer, kama Wasomali wanavyomwita ami.

"Adeer, nyaya hizi nani alifunga?"

"Mimi."

"Injinia anasema kisanduku ni kizima. Basi ni nyaya. Nakupa mpaka Alhamisi. Ikizimika Alhamisi, nenda ukapumzike nyumbani. Umezeeka, adeer."

Lile neno kupumzika lilinichoma kuliko kama angenitukana. Nilifungua kila waya nikaufunga upya. Nikarudi juu ya debe, nikasikiliza kama siku ile ya kwanza. Haikuzimika. Nikaanza kuamini nimeponya.

Jumatano akaja Bi Esha, muuza samaki, mteja wetu mkubwa. Sasa hapa nieleze desturi. Kwetu mgeni hasimamishwi mlangoni. Namkaribisha, namtilia kahawa, na kwa kuwa kiwandani hakuna kingine cha kumwonyesha, namfungulia mchoro wa joto wa mwezi mzima, tangu mwezi wa kwanza ulipotimia. Watu waliupenda mno, wakazidi kuja kuutazama, ule mstari mwekundu unapanda na kushuka.

"Lali, hebu nifungulie ile bahari yako."

Nikagusa skrini. Na kwa kuwa siku ile masikio yangu yalikuwa yote kwenye kompresa, nikaisikia inakatiza pumzi. Kidogo tu, kama mtu aliyekwamwa na neno kooni. Nikafunga mchoro, nikafungua. Ikakatiza tena. Mara ya tatu ikazimika.

"Mbona umeganda kama barafu yako?" akasema Bi Esha.

Nilikuwa nahesabu wageni. Kila mchana ilipozimika, nilikuwa na mgeni na birika la kahawa. Si waya. Ni ukarimu wangu mimi.

Nitasema kweli: nilitaka kunyamaza. Nisingefungua mchoro, Alhamisi ingepita, nami ningebaki kazini fundi mzuri wa nyaya. Lakini siku nisipokuwepo mtu mwingine angeufungua, na samaki wa watu wangeoza. Nikaenda kwa Injinia.

"Haiwezekani, ami. Nimewatenga."

"Njoo ukae kwenye debe."

Akakaa na baibui lake safi. Nikafungua mchoro. Akasikia. Akajipiga paji la uso. "Kache!"

"Ndiye nani huyo?"

Akaniambia memori iko mbali, kuifuata kunachukua muda. Kwa hiyo prosesa inaweka vitu inavyovitumia sana kwenye rafu ndogo iliyo karibu, ndiyo kache. "Viini nimevitenga, memori nimeitenga, rafu nimeiacha moja. Mchoro wa mwezi mzima ukifunguka unamwaga vitu vyake rafuni, vya kompresa vinaanguka nje. Kompresa ikitaka chake inakifuata mbali. Inachelewa, mlinzi anaizima."

Hapo ndipo babu anaporudi. Kudha mafundi wawili wakiunda chombo kimoja, kila mmoja ana kikapu chake cha zana. Hata kama mwenzio hakugusa chake tangu asubuhi, hutii mkono wako humo. Babu alimfukuza mkwewe kwa kugusa patasi moja tu! Nilimuuliza kwa nini wasitumie kikapu kimoja. Akaniambia, "Nikinyoosha mkono sitaki kutafuta."

"Basi tuwape vikapu," akasema Mwanaisha. Rafu yenyewe ilikuwa na sehemu kumi na sita, na prosesa yetu iliruhusu kuzigawa. Akaipa kompresa sehemu mbili. Nikafungua mchoro, nikasikiliza: bado inakatiza. Akaipa nne. Haikukatiza tena, pumzi moja kwa moja.

"Ipe nane," nikasema.

"Zitalala bure, na skrini itateseka. Tayari mchoro unakawia kufunguka."

"Na ukawie. Mgeni ana kahawa."

Alhamisi Meneja akaja. Nikamweleza yote kabla hajauliza.

"Kwa hiyo, adeer, ni wewe uliyekuwa ukiizima?"

"Ni mimi."

"Yeye alikaribisha wageni," Mwanaisha akasema. "Rafu niliisahau mimi."

Meneja akatutazama wote wawili. "Fungua huo mchoro."

Nikafungua. Tukasimama watatu tukisikiliza, mstari mwekundu ukijichora polepole. Kompresa haikukatiza. Akavuta kiti. "Na hiyo kahawa iko wapi?"

Nilifanya kazi pale mpaka magoti yakakataa. Wanaokuja sasa wanajua kusoma yale yaliyomo kisandukuni, mimi sikujua hata herufi moja yake. Nawaambia tu, debe nimeliacha palepale.

Siku ya kuaga alikuja Bi Esha, naye mvi tupu. "Lali, nifungulie bahari yako mara ya mwisho." Niligusa skrini, na kwa mazoea nikageuza sikio. Kompresa ilikuwa ikipanda ngazi zake bila wasiwasi. Mchoro ulikawia, kama kawaida yake. Tukamaliza kikombe cha kwanza, nikamtilia cha pili, na moyoni nikatamani ukawie zaidi.