Kipenga cha Mwisho cha Mzee Chokaa

Mtaa mzima ulimwita Chokaa, na bintiye pia, akikasirika. Tangu ujana wake kazi yake ilikuwa moja: kuchora mistari ya uwanja wa timu ya mtaa. Anakoroga chokaa kwenye ndoo, anavuta kamba, anainama. Daktari alisema ni hiyo chokaa iliyomla macho. Yeye alisema daktari ni shabiki wa timu nyingine.

Sasa alikuwa mtu wa kitandani, kipofu, miguu imevimba, redio ndogo kifuani. Alikuwa na sharti lake: mechi haijaisha mpaka asikie kipenga kwa masikio yake. Ukimdokezea matokeo kabla ya hapo, anakufukuza chumbani.

Bintiye alikuwa fundi mitambo katika kituo kilichotangaza mechi hizo. Jumapili ile timu ilihitaji sare tu isishuke daraja. Ikishuka, ndiyo basi tena. Mwenye uwanja alikwishaleta wapima viwanja ili auze. Ilikuwa ikiongoza kwa bao moja, mpira unaelekea ukingoni, meneja wa kituo alipoingia mbio, shati limechomoka. Asubuhi mtangazaji wao nyota aliwaita wauguzi wauza maiti, tena hewani. Sasa wauguzi walifurika getini, na amri ilitoka juu kwamba kituo kifungwe.

"Zima," meneja alisema.

"Bosi, mpira unaisha."

"Mpira utakwenda mahakamani kwa niaba yangu? Zima."

Binti akazima kwa mkono wake mwenyewe. Laini ya uwanjani ilibaki wazi, mtambo ukaendelea kurekodi, naye akayasikia peke yake mabao mawili ya wapinzani yakiingia, moja nyuma ya jingine, kisha kipenga.

Wenzake wakibishana koridoni kama nyota wao afukuzwe au aombe radhi, yeye alikaa na ile rekodi. Akayakata mabao yote mawili, akaunganisha, akaitia kwenye simu. Kwa fundi kama yeye haikuwa kazi.

Nyumbani alimkuta jirani yao, mwenye genge la mboga, kando ya kitanda, anamwaga habari za mtangazaji: mara kafukuzwa, mara kajificha kwa shemeji yake. Chokaa alimsikiliza kama mtu anayesubiri mvua ipite, mwishowe akamwambia huyo bwana akinyamaza atapatikana mwingine wa kutukana. Jirani akacheka, akasema wanaume hata wakiwa hoi ni mpira tu, akaaga.

"Tulikuwa tunaongoza, mama," baba alisema walipobaki wawili. "Ila kipenga sijakisikia."

"Nimekuletea kipande kilichobaki."

Akamwekea simu sikioni. Baba alisikiliza, vidole vikishika shuka. Kipenga kikalia. Bintiye akangoja atabasamu.

"Mbona uwanja kimya?" aliuliza.

Bintiye akaiondoa simu sikioni. Alikata mabao, watu walionyamaza jukwaani hakuwakumbuka.

"Wamefunga mangapi?"

"Mawili, baba."

Baba akauliza nani aliyezima redio. Bintiye akamwambia ni yeye.

"Ungeniacha nisikie wakati ule ule," alisema, bila hasira. "Ningefungwa pamoja nao. Sasa wenzangu wameshakwenda nyumbani, mimi ndiyo kwanza naanza."

Akageukia ukutani. Bintiye alitaka kumvutia shuka mabegani, lakini baba aliisukuma mikono yake, taratibu, kama anavyosukumwa mtu asiyejulikana.