Shuka la Msusi

Mtaani walimwita Dobi, na mdogo wake wakamwita Msusi. Mmoja alifua uani, mwingine alisuka sebuleni, na umbea ukapita dirishani kwenda na kurudi. Kisha ugonjwa ukaingia kwenye mifupa ya Msusi, hata kitana kikamshinda.

Kliniki wakampa matone ya kutuliza maumivu. Si mofini ambayo watu wameisikia, ni ndugu yake asiyejulikana sana, aliyetengenezwa maabara, mwenye jina refu la kuuma ulimi. Dobi alikuwa ameona kijana wa jirani akipotelea kwenye madawa ya kulevya, na aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Akawa anampa mdogo wake nusu ya kipimo.

"Umelalaje, mdogo wangu?"

"Kama mtoto, dada. Nenda kafue, usinikodolee macho."

Asubuhi moja Dobi alichukua shuka la mgonjwa alifue, akasita. Pembe mbili zilikuwa zimesokotwa, ngumu kama kamba, kama nguo iliyotoka kukamuliwa. Lakini shuka lilikuwa kavu, na yeye hakuwa amelikamua; ni mdogo wake aliyelisokota usiku kwa maumivu.

Akaliweka chini taratibu. Akaenda kliniki na povu la nguo za wateja likiwa bado mikononi, akamweleza muuguzi yote.

"Mama," muuguzi alimwambia, "anayetafuta kulewa na anayetafuta kupumzika kutokana na maumivu si mtu mmoja. Mpe kipimo chote kama tulivyoandika, usizidishe. Ukiona haamki, au pumzi zinakuwa chache, tuite mara moja."

Siku hiyo Msusi alipata dawa kamili, akalala. Dobi akaketi kando ya kitanda, akifuatilia kifua kikipanda na kushuka.

"Unanilinda kama maziwa jikoni," Msusi alisema bila kufumbua macho. "Sichemki mimi."

"Nisamehe, mdogo wangu. Nilikuwa nakupunja dawa."

"Nilijua. Kliniki walinitajia idadi ya matone, nami nikawa nahesabu yako. Uliogopa, nami nikaogopa kukuogopesha zaidi." Akafumbua macho, akamtazama. "Dada, hicho kichwa au kiota cha kunguru? Lete kitana."

Akamsuka mistari mitatu upande wa kushoto, polepole, vidole vikiwa vyepesi tena, kisha akachoka.

Kesho yake wateja walimcheka Dobi: upande umesukwa, upande umesimama timtim.

"Chekeni tu," alijibu, akianika shuka lisilo na mkunjo. "Fundi wangu amepumzika. Akiamka ataendelea."