Jina Lisilofutwa

Fundi wa kompyuta wa ofisini kwetu Kinondoni, mwaka tisini na tisa, alikuwaga na tabia ya kugonga meza mara mbili kwa kidole kabla ya kubonyeza kitufe chochote, kama anayepiga hodi. Mie ilikuwa inaniudhi. Alikuwa ametengeneza programu ya kuwakutanisha watu wapigiane simu kwa kompyuta, akaigawa bure kwenye intaneti, na mafundi wa nchi za mbali wakawa wanamsaidia kuirekebisha. Ilianza na watu kumi. Walipofika elfu moja ikawa inakwama, kwa hiyo akaielekeza imfute kwenye orodha yeyote asiyeitika kwa saa nzima. Kila asubuhi aliipitia orodha hiyo taratibu, midomo ikicheza, chai ikipoa. Akifika mwisho anavua miwani, anaifuta kwa shati.

Siku moja fundi wa Ufini akamwandikia: kuna mstari ndani ya programu unaolilinda jina moja lisifutwe, na mwenye jina hajawahi kuitika hata mara moja, je, autoe? Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikauona mstari wenyewe. Raudha. Nikamuuliza, "Kaka, huyu si wifi, aliyesema akifika Maskati atapiga?" Akagonga meza mara mbili. "Mwambie auache," akasema, utadhani mie ndiye niliyeandikiwa. "Haumsumbui mtu." Ukaachwa. Na kila aliyeichukua programu ile aliuchukua na mstari wake, kwa hiyo Raudha anasubiriwa mpaka leo, kwenye kompyuta za miji ambayo hajawahi hata kuisikia.