Vidude vya Sikio vya Benchi la Mbele

Wiki sita kabla ya harusi yangu nilikaa jikoni kwa mama nikikwangua uchafu wa masikio ya mtu nisiyemjua. Nilitumia pini ya nywele. Uchafu wenyewe ulikuwa wa kahawia, umekauka juu na laini ndani, nao ulikuwa umeziba kabisa tundu la kidude cha sikio ambacho kanisa lilimpa mama ili asikie mahubiri. Nilipomaliza nilinawa mikono kwa sabuni ya mche mara mbili, na bado jioni ile nilikula ugali kwa kijiko.

Mama alifanya kazi katika kiwanda cha misumari hapo Baba Dogo, upande wetu wa Eastlands, tangu nikiwa mtoto wa shule ya msingi. Mashine za kule zilikata chuma kutwa nzima, na wanawake wa kufungasha walijiziba masikio kwa pamba waliyoinyofoa kwenye magodoro yao. Haikusaidia. Miaka ya tisini ilipoingia, mama alikuwa anasikia mlango ukibamizwa, au mvua kubwa ikipiga mabati, basi. Maneno ya watu aliyasoma midomoni. Nilipomwambia nimechumbiwa, alinijibu kwa ile sauti yake iliyozoea kushindana na mashine, ploti nzima ya wapangaji ikasikia: "Sawa. Lakini mimi nataka kukusikia ukikubali, na masikio yangu. Sitaki kuambiwa na watu."

Nilimwahidi. Nilidhani ni jambo rahisi, kwa sababu kifaa kilikuwepo.

Kifaa hicho kililetwa, kikiwa kimeshatumika kwao, na kanisa rafiki la ng'ambo. Mchungaji alifunga kisanduku kwenye mkanda wake, na kwenye tai akabana kipaza sauti kidogo kama punje ya hindi. Sauti yake ilisafiri bila waya, kama redio, mpaka kwenye visanduku vingine sita walivyovaa waumini, kila kimoja na kidude chake cha kutia sikioni. Wageni walikuja wakatuonyesha namna ya kukitumia, wakaacha na kijitabu cha maelezo, wakaondoka. Hapo ndipo wazee wa kanisa walipokichukua.

Akina mama walivifumia visanduku na kipaza sauti vitambaa vyeupe, kama tulivyovisha redio na viti vyetu vyote mtaani. Vipuri vilivyokuja navyo vikabaki kwenye katoni, ndani ya nailoni yake, katika kabati la vikombe vya ushirika. Kwetu kitu cha msaada hakitolewi nailoni. Wageni wakirudi lazima wakikute kinang'aa. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi mgeni alikuja, akaondoka, na mwenyeji akafungiwa dawa kabatini.

Na visanduku vitano vilivaliwa na nani? Wazee watano wa benchi la mbele. Wanaume wenye masikio mazima, ambao wangesikia sufuria ya kuku ikifunuliwa nyumba ya tatu! Kila Jumapili walivitia vidude masikioni, wakaegemea nyuma na kutikisa vichwa, waya zikining'inia mashavuni. Ilikuwa cheo. Mama, kiziwi pekee aliyejulikana na kanisa zima, alipewa cha sita, kile kilichokuwa kimekufa, ili asinung'unike. Niliwatazama nikasikia kichefuchefu, na sikuwa na mimba, ingawa baadhi ya akina mama walishaanza kunichunguza.

Nilimwendea mwenyekiti wa wazee. "Mzee, kile cha mama hakifanyi kazi."

"Mwanangu, ni masikio ya mama yako hayafanyi kazi," akasema, na akacheka na wenzake. "Mwambie aanike betri kwa jua."

Mama alikuwa ameshaanika. Kila mtu Eastlands aliamini betri iliyochoka hufufuka juani, na zake alizianika juu ya mabati wiki nzima. Nilipofungua kisanduku, zilikuwa zimetoa maji na kuacha unga wa kijani uliogandamana kama kamasi kavu. Niliusugua kwa ndimu na kitambaa. Nikatoa uchafu wa sikio niliousimulia. Nikatia betri mpya. Kisanduku kikaamka, taa ikawaka, na Jumapili mama akasikia shhhh, mwanzo wa ibada hadi mwisho.

Basi nikakaa na kile kijitabu, ambacho hakuna mzee aliyekifungua. Kilisema kila kisanduku kina plagi ndogo ya rangi, na rangi ya msikilizaji sharti ifanane na ya msemaji, la sivyo kila mmoja yuko kwenye njia yake. Ya mchungaji ilikuwa nyekundu. Ya mama ilikuwa ya buluu. Miezi yote ile alikuwa amekaa kanisani akisikiliza njia ambayo hapakuwa na mtu, na sisi tukimwambia avumilie, Mungu anamwona. Plagi nyekundu ya ziada, kwa orodha ya kijitabu, ilikuwa kwenye nailoni.

"Hiyo nailoni haitoki mpaka wageni warudi," mwenyekiti akasema.

"Watarudi lini?"

"Hiyo ni kazi ya Bwana."

Jumamosi iliyofuata nilijitolea kuosha vikombe vya ushirika, nikapewa ufunguo wa kabati. Nailoni niliipasua kwa meno. Kama ni wizi, nitaujibu mbele ya Mungu, si mbele ya wale. Nilipopata plagi nikaona afadhali nikague na vile visanduku vitano vya wazee. Nikafungua cha kwanza. Hakikuwa na betri. Cha pili, hakuna. Vyote vitano vilikuwa vitupu! Betri zilikuwa zimekwenda kwa redio za nyumbani kwao, na wao walikuwa wanatikisa vichwa na vizibo masikioni. Nilifuta vidude vyao kwa khanga yangu, kwa kinyaa, nikavirudisha kama nilivyovikuta. Sikumwambia mtu.

Kesho yake nilimtazama mama badala ya mchungaji. Mahubiri yalipoanza alishtuka, akashika sikio. Nje ya kanisa akaniambia, kwa nguvu, watu wakiwa wanasalimiana: "Kitambaa kinakwaruza, khwara khwara. Na mchungaji anameza makohozi. Tumbo lake nalo linanguruma." Halafu akanishika mkono. "Lakini nasikia."

Kile kitambaa cha kipaza sauti nilikitoa mwenyewe. Kilikuwa kigumu kwa jasho na kilinuka kama soksi. Mwanamke aliyekifuma hakunisalimia tena mpaka nilipohama mtaa.

Likabaki jambo moja. Kipaza sauti kilikaa kwa tai ya mchungaji, na mimi siku ya harusi ningempa mama mgongo, na shela juu, asione mdomo. Nikaomba nibandikwe mimi wakati wa kiapo tu. Wazee walikaa kikao. Jibu likaja kwamba kile ni kifaa cha madhabahu, hakiwezi kuvishwa mwanamke kifuani. Tena, bi harusi mwenye adabu husema kwa sauti ya chini. Anayepaza sauti huonekana alikuwa na haraka ya kuolewa. Mchumba wangu akasema, "Achana nao, hao wazee ni bure tu," lakini yeye mama yake alikuwa anasikia.

Siku ikafika. Mama alikaa benchi la mbele kama mzazi, kidude sikioni, karibu na mwenyekiti aliyekuwa na chake. Bwana harusi akaapa kwa sauti ya kuita mifugo. Zamu yangu ikaja. Mchungaji akanisomea maneno, na nikaiona ile punje ya hindi kwenye tai yake, shibiri mbili kutoka puani mwangu.

Nikafunua shela. Nikaishika tai ya mchungaji, nikaivuta, nikamwinamia kifuani. Alinuka mafuta ya nazi na chai ya maziwa iliyolala. Akajaribu kurudi nyuma, nikaishikilia. Nikasema kiapo chote pale, polepole na kwa sauti ya chini, kama bi harusi mwenye adabu, hata watu waliokuwa hatua tatu kutoka kwetu hawakuambulia neno.

Halafu nyuma yangu ile sauti ya kiwandani ikapanda hadi kwenye mabati: "Nimesikia!"

Nikageuka. Mama alikuwa analia bila kujifuta. Pembeni yake mwenyekiti alikuwa amemwinamia, waya ukining'inia shavuni, kiganja nyuma ya lile sikio lake lingine.

"Amesema nini?" akauliza. "Mama, amesema nini?"

Mama akakitazama kidude cha mwenyekiti, kisha akamtazama yeye usoni. Akamrudia kiapo changu neno kwa neno, taratibu, akifungua mdomo sana, kama watu walivyokuwa wakimsemesha yeye siku zote.